Shada Lililotangulia

Msichana wa duka la maua kule Kisii aliniuliza swali moja nikashindwa kulijibu. Nilikuwa nimesimama nje ya soko la Homa Bay, simu kwenye sikio moja na kidole kwenye sikio la pili, kwa sababu wauza dagaa wa omena walikuwa wakibishana karibu yangu. Nilikuwa nimeshamweleza yote: shada la duara, mayungiyungi meupe, lifike kwenye mazishi kabla ya saa nane mchana huo huo. Alikuwa ameandika jina la marehemu na njia ya kufika huko kwao. Kisha akauliza, "Na kadi tuandike nini, mum? Tuseme ni kutoka kwa nani?" Nikamwambia angoje, nitampigia tena. Habari ya kifo ilikuwa imenifikia jana yake tu, kwa Salim, jirani yangu wa zamani, ambaye sasa ni mzee wa kutembea na mkongojo na bado anauza magodoro. Tulikutana kwenye mlango wa duka la dawa baada ya miaka mingi ya kutoonana. Akanitazama sana kabla hajasema, "Akeyo. Bibi Moraa anazikwa kesho kwao. Huendi?" Nikasema wataniuliza mimi ni nani. Akasema, "Si uwaambie." Kwa Salim kila jambo ni rahisi namna hiyo.

Sikumpenda Mama Moraa, naye hakunipenda. Nimeona jinsi marehemu anavyopendwa na kila mtu kwa siku tatu, na sitaki kupanga foleni hiyo. Tuliishi pamoja mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, katika vyumba viwili huko Suna, Migori, na sikumbuki siku moja tuliyolala bila mmoja wetu kuwa amemsemea mwenzake neno la kuuma. Lakini mwaka ule ndio uliofanya niwe mtu niliye, kwa ubaya wake, na sijawahi kumweleza mtu yeyote kilichotokea ndani yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha kidato cha pili, wala si kwa kukosa akili. Nilitaka kuona watu wengine wanaishi vipi. Nilikuwa nimechekecha dhahabu Macalder mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, nimekausha samaki, nimeuza mandazi kwenye vituo vya magari. Nilifika Suna bila mpango wowote, nikaona kibao kilichochorwa kwa mkono juu ya mlango mwembamba: MAUA, SIKU HIYO HIYO. Nilisimama pale nikacheka. Nani Migori ananunua maua? Watu tulikuwa tunayafyeka ili tupande mihogo. Nikaingia ili nijue. Ndani kulikuwa na baridi kama pangoni, na harufu ya majani mabichi, maji yaliyolala na kitu kitamu kilichoanza kuoza. Ndoo zilipangwa ukutani, maua yamezama hadi shingoni, na katikati mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa akikata shina la ua ndani ya beseni la maji kwa wembe.

"Kwa nini unakata ndani ya maji?" nikamuuliza.

"Kwa nini unauliza na hununui?"

"Nikijua nitanunua."

Akanitazama miguu, akarudi juu. "Ukikata nje, ua linameza hewa. Likimeza hewa linakufa jioni. Sasa toka, unanizibia mwanga." Sikutoka. Niliuliza kuhusu gogo la mgomba lililokatwa vipande na kurundikwa pembeni, naye akajibu kama anayemrushia mbwa mfupa: gogo la mgomba lina maji ndani, ukichomeka shina la ua linakunywa humo siku nzima, kwa hiyo shada lake lingeweza kutoka Migori hadi Sindo likiwa bado hai, wakati mashada ya karatasi ya washindani wake yalikuwa yamekufa tangu kuzaliwa. Kisha akaniuliza kama najua kuandika mwandiko unaosomeka. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na kadi zake zilikuwa zimeanza kulalamikiwa. Nikaandika jina langu kwenye kipande cha boksi. Akalitazama kwa mbali, akakunja uso. "Mwandiko mzuri, mtu sijui." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Mtu wa Nairobi au Mombasa anapata habari kwamba mjomba amefariki, au dada amejifungua Homa Bay, na hawezi kufika. Anapiga simu duka la magodoro la Salim, lililopakana na letu, kwa sababu sisi hatukuwa na simu. Salim anagonga ukuta mara mbili, Mama Moraa anakimbia huko na mimi nyuma yake na daftari. Akipokea oda kabla ya saa sita, maua yanafika siku hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyeyapeleka, nimekaa mbele kwenye lori la soda lililotoka saa saba kupitia Rongo hadi Homa Bay, shada juu ya magoti chini ya gunia lililoloweshwa maji. Maneno ya kadi yalitamkwa kwenye simu kwa kelele, kwa sababu laini zilikuwa mbovu. Nimesikia mwanamume mzima akipiga ukelele kutoka Mombasa, "Andika nampenda," kisha akasema, "Hapana. Andika pole." Nilizipenda kadi hizo kupita mshahara. Nilisoma hata zile zilizoletwa ndani ya bahasha zimefungwa. Mama Moraa alinikuta siku moja nimeinua bahasha kwenye mwanga. "Maua hayana masikio," akasema. "Wewe ukitaka kuwa na masikio, karudi Macalder ukasikilize mawe."

Tulilala chumba cha nyuma, vitanda viwili na shuka iliyotundikwa katikati. Alikuwa Msabato wa kweli kweli. Ijumaa jua likianza kushuka, ndoo zilifunikwa, wembe ukawekwa kwenye kopo, mlango ukafungwa, na hakuna aliyegusa ua mpaka Jumamosi jua litue. Isipokuwa maua ya kanisani. Hayo aliyapanga Ijumaa asubuhi kabla ya kazi nyingine yoyote, kwa mikono miwili, akiimba kwa sauti ya chini, na akayapeleka mwenyewe Jumamosi. Hakuna mwanamke mwingine aliyeruhusiwa kuweka hata jani mbele ya mimbari ile. Ukitaka kumwona Mama Moraa akicheka, ungemwona hapo tu, akisogeza vyombo viwili vya maua kushoto na kulia mpaka vilingane. Kwangu hakucheka. Hakunywa chai, alikunywa maji ya mchaichai, na alinitazama nikikoroga majani ya chai kama ninayekoroga sumu. Siku moja nilitoka Homa Bay na mumi mzuri wa kukaushwa, nikampika kwa nyanya, nikaenda kuchota maji. Niliporudi sufuria ilikuwa tupu na paka wa Salim wanapigana nyuma ya nyumba.

"Huyo samaki hana magamba, Biblia imemkataza," akasema. "Kwenye sufuria yangu hapana."

"Ungeniambia nikapike nje."

"Nimekuambia mara ngapi? Ninyi Wajaluo mkisikia harufu ya samaki masikio yanaziba."

"Na ninyi Wakisii mkisikia harufu ya Mjaluo, je?"

"Tunafungua dirisha," akasema, na akalifungua.

Salim, upande wa pili wa ukuta, alicheka mpaka akakohoa. Nilimchukia kwa kicheko hicho kuliko kwa dirisha. Leo nikijaribu kuwa mwadilifu, najua kwamba Mama Moraa alisikia mengi zaidi kuliko mimi. Wateja waliingia dukani wakazungumza Dholuo mbele yake kana kwamba ni ndoo. "Huyu Mkisii atatuuzia maua yaliyolala." "Angalia mkono wake, umejaa kama ndizi." Alikuwa amekaa Migori miaka kumi na minne na aliielewa kila silabi. Hakuwajibu hata mara moja. Aliwapimia utepe, akawapa shada, na wakishatoka aliniambia, "Yule mrefu ameniita ndizi," bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. Nilimuuliza kwa nini hawajibu kwa lugha yao. Akasema, "Wakijua ninasikia, wataanza kunidanganya kwa adabu."

Jambo moja alilijua vizuri kuliko Wajaluo wengi wa mjini, nalo ni mpangilio. Kwetu mke wa kwanza, tunayemwita Mikayi, hutangulia kwa kila kitu. Hupanda wa kwanza, huvuna wa kwanza, na mume akifa maiti hulala nyumbani kwake. Mdogo akimtangulia si utovu wa adabu tu. Ni kuita chira, laana inayokula watoto polepole. Mama Moraa aliligundua hilo kwa kuadhirika mwaka wake wa kwanza, na tangu hapo alikuwa na njia yake. Mashada ya mazishi yale yale yalipoondoka pamoja, alifunga kamba ya katani nyuma ya kila moja: fundo moja kwa litakalowekwa kwanza, mafundo mawili kwa linalofuata, na kuendelea. Aliyepeleka hakuhitaji kusoma kadi wala kuuliza. Alipapasa tu mgongo wa shada kwa kidole. Alinifundisha hilo wiki ya kwanza, akanifanya nirudie nikiwa nimefumba macho.

Ijumaa ninayoizungumzia ilikuja baada ya mvua. Alikuwa amefariki daktari wa mifugo mstaafu, mwenye boma nje kidogo ya Homa Bay, na mwili ulikuwa utoke mochari saa tisa upelekwe nyumbani, mazishi kesho yake. Mke wake mdogo, Dorka, alikuwa fundi wa nguo hapo hapo Suna. Alikuja asubuhi mwenyewe, macho yamevimba, akachagua deizi na majani ya kangaga. Dorka alikuwa mmoja wa watu wachache Suna waliozungumza nami kama mtu. Alikuwa amenishonea sketi, na nilikula chapati nyumbani kwake. "Nyathina," aliniambia, mtoto wangu, "mimi kule hawanitaki. Fanya langu lifike vizuri." Shada lake lilikuwa tayari saa nne. Kisha saa tano Salim akagonga ukuta. Kwenye simu alikuwa mtoto wa kiume wa Mikayi, akipiga kutoka Homa Bay. Mama yake alitaka mayungiyungi meupe, shada kubwa, na kadi iandikwe maneno matatu: Kutoka kwa Mikayi.

Mayungiyungi hatukuwa nayo. Ilibidi yatafutwe kwa mkulima wa bondeni, na yalipoletwa ilikuwa saa sita imepita. Saa saba kasorobo duara la Mikayi lilikuwa bado nusu. Dereva wa lori la soda akaanza kupiga honi barabarani. Nikalinyanyua la Dorka.

"Weka chini," Mama Moraa akasema.

"Lori linaondoka."

"Liende. Hakuna shada litakaloondoka hapa kabla la mke mkubwa halijawa tayari. Nitamwomba Salim pikapu akitoka msikitini."

"Salim atatoka saa nane. Jua lako je?"

"Jua langu ni langu. Weka chini, msichana. Hata hujui kusoma saa, utaniambia mimi habari ya jua?" Akachukua katani, akafunga nyuma ya shada la Dorka mafundo mawili, akayakaza kwa meno. Kisha akakimbia msikitini kumwachia Salim ujumbe mlangoni, maana alijua mtu huyo akitoka kuswali humalizia kwenye kahawa.

Honi ikalia tena. Nimejaribu miaka yote kukumbuka nilikuwa ninawaza nini, na nisingependa kujipamba. Niliwaza kuhusu mumi. Niliwaza kuhusu dirisha. Niliwaza kwamba Dorka ananipenda na huyu hanipendi. Kidole changu kilikuwa juu ya yale mafundo mawili, na kila mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa lile anajua maana ya mkubwa na mdogo, hata yule aliyeacha shule, hata yule anayejidai ameyaacha hayo yote nyuma. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na shada la Dorka, nikapanda lori.

Nilifika bomani saa tisa na zaidi. Hema la turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba kubwa inayotazama lango, nyumba ya Mikayi, na wanawake walikuwa wakimenya ndizi za wageni kwenye karai, wakisemezana juu ya nani amekuja na nani amejifanya hakupata habari. Walinipa uji. Nilikaa na shada langu magotini, na mmoja akasifu jinsi maua yalivyo hai, akayagusa. Niliona fahari. Kisha gari la maiti likaingia, vilio vikapanda, jeneza likateremshwa na kuwekwa mbele ya mlango wa nyumba ile. Kijana aliyekuwa akiongoza mambo akanijia mbio. "Maua hayo ni ya nani?"

"Ya mke," nikasema.

Ya mke. Sikusema yupi, naye hakuuliza, kwa sababu pale, mbele ya mlango ule, ni mke gani mwingine angekuwa wa kwanza? Akalichukua akaliweka katikati ya jeneza. Mikayi akatoka ndani akishikwa mikono na wanawake wawili. Alikuwa mwembamba, mrefu, kitambaa cheusi kimefungwa kiunoni. Aliinama juu ya shada nikadhani analia. Alikuwa anasoma. Alisoma taratibu, midomo ikitembea, kama wasomavyo watu waliojifunza ukubwani: Kwa mume wangu mpenzi, tutaonana kwa Mungu. Dorka. Alipoinuka hakuwa na chozi. Vilio vikaanza kuzimika kimoja kimoja, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka nikasikia kuku.

"Langu liko wapi?" akauliza kwa Dholuo. Akaigonga kadi kwa kidole. "Nani ameleta hili?"

Wakanionyesha. Akanitazama. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

Nikamwambia.

"Basi wewe ni mtoto wetu. Hukujua?"

Wazee wawili walikuwa wamesimama sasa. Nyuma yangu mwanamke aliyenipa uji alisogeza kiti chake. Nikasema, "Sikujua, mama. Mimi nimetumwa tu. Mwenye duka ndiye aliyesema hili litangulie."

"Mwenye duka ni nani?"

"Ni Mkisii," nikasema.

Haikuhitaji zaidi ya hapo. Niliona neno lile likipita kwenye umati kama maji kwenye mfereji uliochimbwa zamani. Mkisii. Ndiyo maana. Watu hawa wanakuja hapa kuchuma na hawajui hata kuuliza. Mzee mmoja akasema duka lile lifungwe hata kesho, na mwingine akasema Dorka ndiye aliyepanga hayo, yule mwanamke wa mjini. Shada likaondolewa likatupwa kando ya ua wa boma, na mtu akatumwa kumwita mjuzi wa dawa za chira. Hasira iliondoka juu yangu ikawaendea watu wawili ambao hawakuwepo. Mtu akanipa uji tena. Nikanywa.

Pikapu ya Salim iliingia jua likiwa limeshazama, anga bado jekundu upande wa ziwa. Nilimwona Mama Moraa akishuka, kitambaa chake cheupe kimejaa vumbi, amekumbatia duara la yungiyungi kubwa kama gurudumu. Sikuwahi kumwona nje ya mlango wake saa ile siku ya Ijumaa. Watu walimpisha kwa namna ambayo si ya heshima. Mzee yule akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumfundisha mtoto, kwamba amevunja boma la watu, na kwamba msichana wake ameeleza yote. "Umesema hilo dogo litangulie. Ni kweli ama si kweli, mama?"

Hakunitazama mimi kwanza. Alikwenda kwenye ua wa boma, akainama kwa shida, akaokota shada la Dorka, akaligeuza. Nilijua anatafuta nini. Kamba ya katani ilikuwa pale, mafundo mawili, na angeweza kuinyanyua mbele ya wote na kuwaeleza maana yake kwa maneno kumi. Wanaume wawili pale walikuwa wamewahi kupokea mashada yake; wangekumbuka. Sasa ndipo aliponitazama. Kisha akaikata ile kamba kwa ukucha wa kidole gumba, akaitia mfukoni.

"Ni kosa la duka," akasema. "Duka ni langu." Alilisema kwa Dholuo, Dholuo safi, ya kununulia na kuuzia na kuombea msamaha, na wale waliokuwa wamemwita ndizi mwaka mzima waliinamisha macho, nadhani, au labda mimi ndiye niliyeinamisha. Akapiga magoti mbele ya Mikayi, akaliweka shada la yungiyungi miguuni pake badala ya jenezani, kwa kuwa haikuwa tena kazi yake kuamua lini litawekwa. Mikayi hakumgusa. Akasema tu, "Umesikia lugha yetu siku zote hizi?"

"Nimesikia."

"Na bado ukafanya hili."

"Na bado," Mama Moraa akasema.

Tulirudi pamoja kwenye pikapu. Salim alijaribu kuwasha redio, akaizima. Jumamosi alikwenda kanisani kama kawaida na akarudi mapema kuliko kawaida. Mtu wa kanisa lake alikuwa amemwona barabarani Ijumaa jioni, jua limezama, ndani ya gari la mizigo na maua ya kuuza. Hakujitetea huko pia. Alivuliwa ushemasi, na kazi ya kupanga maua mbele ya mimbari akapewa mwanamke mwingine, ambaye, nilimsikia Mama Moraa akimwambia Salim kupitia ukuta, alikuwa akichanganya rangi kama anayepika githeri ya mahindi na maharagwe. Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akilalamikia.

Jumapili asubuhi aliniwekea bakuli la uji mezani. Kando ya bakuli akaweka ile kamba.

"Hesabu mafundo."

Nikashika kijiko.

"Hesabu, wewe uliyesoma."

"Mawili."

"Ulijua?"

Nilitazama uji. "Sikujua," nikasema. Nilikuwa nimelisema mara moja na sikuona jinsi ya kulirudisha.

Akacheka, kicheko kifupi cha pua. "Usifikiri nilikuficha kwa upendo. Sikupendi, na ukifa leo sitakata jani. Lakini mimi nina kwetu, nitarudi. Wewe utaishi na wale watu mpaka uzeeke. Wangekujua, ungekwenda wapi? Kula uji wako, kisha uchukue vitu vyako. Na usiniite mama tena mahali popote."

Nilikula uji. Hilo pia sijamwambia mtu. Nilikuwa na njaa na nikaumaliza wote, naye amesimama nyuma yangu akifungua dirisha.

Duka lilifungwa kabla ya mwaka kuisha. Oda za Homa Bay zilikatika kwanza, kisha za Rongo, kisha za Migori yenyewe. Watu walikwenda kwa wauza karatasi, wakisema heri ua lisilokufa kuliko la mtu asiyejua watu. Dorka alizuiwa langoni siku ya mazishi na hakumtupia mume wake udongo. Nilikutana naye sokoni baadaye, akavuka barabara. Mimi nilikwenda Sindo, kisha kwingine, na kwingine, na kila nilipohama nilijiambia ni kwa sababu napenda kuona. Mama Moraa alisema kweli kuhusu jambo moja: nimeishi na watu wale mpaka nimezeeka. Nimekula kwenye maboma yao, nimezika pamoja nao, na mara mbili nimesikia hadithi ya Mkisii aliyemtanguliza mke mdogo ikisimuliwa mbele yangu kama mfano wa ujinga wa wageni. Mara zote mbili nilicheka na wengine.

Jana, mlangoni pa duka la dawa, Salim alinieleza kitu nilichokuwa sijui. Pikapu ilipasuka gurudumu kupita Rongo, nao hawakuwa na la akiba. Walipomaliza kulibadilisha, jua lilikuwa limegusa vilima. Akamwambia, "Bibi Moraa, saa yako hiyo. Kuna nyumba ya Wasabato hapa karibu, nikuache ulale, shada nitalifikisha mimi." Mama Moraa akapanda tena, shada magotini. Kisha akasema, "Yule mjinga yuko peke yake kule. Endesha." Salim alifikiri hadithi hiyo ingenifurahisha.

Nilimpigia tena msichana wa maua nikiwa nimekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Ilikuwa inakaribia saa nne.

"Umeamua, mum?"

"Andika Nilijua."

"Nilijua... halafu?"

"Basi. Nilijua. Na chini yake, Akeyo."

Nilisikia kalamu ikisita. "Samahani mum, kadi zinasomwa kwa spika, watu wote wanasikia. Hawataelewa. Tuongeze hata pole kwa familia?"

"Usiongeze."

"Sawa. Lina maagizo mengine?"

Nikamuuliza kama bado wanatumia gogo la mgomba. Akasema sasa wanatumia sponji ya dukani. Nikamuuliza kama wana kamba ya katani. Akasema anaweza kuitafuta.

"Litakuwa na mashada mengine mangapi hapo?"

"Kwetu zimetoka oda kumi na moja leo za huyo mama. Za kanisa peke yake ni nne."

"Basi lifunge mafundo kumi na mawili nyuma," nikamwambia, "na umwambie anayelipeleka lisitangulie la mtu yeyote."